Babu akiondoka leo, utaandika nini kwenye wasifu wake?

SIMU ya saa kumi na moja alfajiri huwa haina habari njema. Nilijua hivyo, ndiyo maana ya kwanza niliiacha ikaita hadi ikakatika. Ya pili nikapokea. Alikuwa baba. "Guka ametuacha," akasema, kisha akanyamaza.

Kufikia saa tatu nilikuwa nimeongezwa kwenye kundi la WhatsApp la mazishi. Kama umewahi kufiwa na babu ukiwa Nairobi, utaratibu unaujua: picha ya mzee na kofia yake, nambari ya kutuma mchango, orodha ya waliotoa, na binamu mmoja anayeuliza kila baada ya dakika kumi magari yatatoka wapi. Kazi zikagawanywa. Mmoja atafute hema na viti, mwingine jeneza, mwingine chakula. Halafu baba mkubwa akaandika: "Kijana wa magazeti atuandikie wasifu. Ukurasa mmoja tu. Kesho jioni uende kuchapishwa."

Nikajiambia hiyo ni kazi ya nusu saa. Nikafungua kompyuta, nikaandika "Marehemu alizaliwa mwaka wa..." Nikakwama hapo hapo.

Hebu jaribu wewe kabla hujaendelea kusoma. Babu yako alizaliwa mwaka gani? Alisoma hadi darasa la ngapi? Alikuwa akifanya nini kabla ya kumwoa nyanya yako? Na lile shamba ambalo wewe huliita "shagz kwetu", alilipata vipi?

Usione haya. Mimi naandika kwa riziki yangu, na sikuwa na jibu hata moja.

Mzee wa parachichi

Nilichojua ni hiki. Guka alikuwa mkulima wa Kahuro, kaunti ya Murang'a. Alikuwa na koti moja la kanisani na lingine la shambani, na huwezi kuyachanganya. Alikuwa akijaza parachichi na ndizi kwenye gunia, analishona mdomo kwa kamba ya katani, kisha anamkabidhi makanga wa matatu maagizo marefu kana kwamba makanga ni karani wake. Baadaye anapiga simu: "Imefika? Anza na zile za juu, hazitafika Jumapili."

Kila siku alisikiliza matangazo ya vifo redioni hadi jina la mwisho. Tulikuwa tukimcheka.

Na kila Jumapili jioni alinipigia kuuliza swali lile lile: "Huko Nairobi kunanyesha?" Nikimjibu ndiyo au la, anasema sawa, Mungu akulinde, anakata. Sekunde arobaini hivi. Nilidhani mzee hana la kusema, bana. Wakati mwingine nilikuwa kwenye mechi au na marafiki, nikaiacha simu ikaita.

Sasa kaa uandike ukurasa mzima kwa parachichi na mvua.

Sanduku la bati

Nilipofika nyumbani nikakuta watu wakitafuta kitambulisho chake, maana bila hicho kibali cha mazishi ni shida. Tata, kama tunavyomwita shangazi, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kitambulisho, hati ya shamba, risiti za karo zilizofungwa kwa uzi, stakabadhi za sosaiti ya kahawa, kitabu kidogo cha zamani chenye picha ya kijana nisiyemfahamu, na madaftari kumi na moja ya shule.

Kitambulisho kinasema alizaliwa 1938. Dadake guka, cucu mwenye zaidi ya miaka 80, akakataa. "Wakati wa njaa ya mihogo kaka alikuwa anachunga mbuzi ng'ambo ya mto. Mtoto wa miaka mitano atavushaje mbuzi mto?" Njaa hiyo, ambayo wazee wa Kikuyu huiita kwa jina la mihogo, ilikuwa 1943. Basi tukakubaliana kwamba alizaliwa karibu na 1934. Hivyo ndivyo wazee wengi walivyohesabu: si kwa tarehe, bali kwa njaa, vita na mvua.

Kile kitabu kidogo nacho kilikuwa pasi ya enzi ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa kutembea nacho. Kijana wa pichani alikuwa guka. Na anwani iliyoandikwa humo ilikuwa Nairobi.

Nilimuuliza cucu kama kuna makosa. Akashangaa kwamba sijui. "Guka wako alikuwa kijana wa Nairobi kabla yako. Alilala Pumwani, vijana sita chumba kimoja. Bati lilikuwa linavuja. Mvua ikinyesha usiku wanasimama wima hadi asubuhi."

Nikakumbuka zile simu za Jumapili.

Nairobi yake iliisha Aprili 1954, wakati wanajeshi wa Uingereza walipozingira jiji katika msako uliopewa jina la Operation Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa, wengi wakatupwa kizuizini, wengine wakarudishwa makwao. Guka akarudishwa Murang'a, ambayo wakati huo iliitwa Fort Hall, akakuta hata nyumbani hakuna. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilianza kuwahamishia watu wa Kati katika vijiji vya lazima. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika maboma yao. Cucu anakumbuka kuchimba handaki kuzunguka kijiji, mchana kutwa, na kafyu ikifika jioni hakuna kutoka.

Unapoliona shamba la babu yako limenyooka mpaka kwa mpaka, usidhani lilikuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya hapo familia moja ilikuwa na vipande vidogo huku na kule, kimoja bondeni, kingine mlimani. Mpango wa Swynnerton, uliopewa jina la afisa wa kilimo Roger Swynnerton, ulitolewa 1954 ukiwa na nia ya kuunganisha vipande hivyo, kuwapa watu hati na kuwafungulia mazao ya kuuza. Kazi ya kupima ilifanyika wakati wanaume wengi wako kizuizini, na baadhi yao waliporudi walikuta ardhi yao iko kwa jina la mwingine. Guka alipata ekari tatu na nusu kwa sababu alikuwapo kunyoosha mkono. Kakake alikuwa kizuizini, hakupata kitu. Hilo nalo halikuwa limewahi kutajwa mbele yetu.

CBD ambayo si ya Kencom

Ukisikia CBD, akili yako inaenda Kencom na Archives. Guka alipotaja CBD alimaanisha ugonjwa wa kahawa unaoozesha tunda likiwa bado kijani. Alipigana nao miaka mingi kwa pampu ya mgongoni na dawa ya shaba iliyoacha majani na koti lake yakiwa na madoa ya samawati.

Kwa muda mrefu Waafrika wengi walikuwa wamezuiwa kupanda kahawa, zao lililowatajirisha walowezi. Kwa hiyo ruhusa ilipopatikana, kizazi cha guka kiliikimbilia. Alipanda SL28, aina iliyochaguliwa na watafiti wa Scott Laboratories hapa Kenya miaka ya 1930. Ukilipa pesa nyingi kwa kikombe kimoja pale Westlands, huenda unakunywa hiyo hiyo. Lakini hesabu yake ni ngumu: inahitaji kilo sita au saba za tunda jekundu kupata kilo moja ya kahawa safi, na kila tunda linachumwa kwa mkono.

Julai 1975 baridi kali iliua mibuni Brazil, na bei ya dunia ikapaa. Mwaka wa 1976 na 1977 pesa zilionekana Murang'a. Zile nyumba za mbao na mabati unazoziona huko vijijini, nyingi ni za miaka hiyo. Guka alijenga yake, akanunua ng'ombe wa gredi.

Halafu mambo yakageuka. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawia nchi viwango vya mauzo ulivunjika, bei ikaporomoka. Msimu wa 1987/88 Kenya ilikuwa imevuna karibu tani 130,000 za kahawa. Miaka ya karibuni tumekuwa chini ya nusu ya hapo. Malipo ya sosaiti yakaanza kuchelewa, kisha kukatwa, kisha kutofika. Na kama ulitaka kung'oa mibuni upande kingine, sheria ya wakati huo ilikukataza. Guka alifanya walichofanya wengi: akaiacha imee ovyo, akapanda mahindi na maharagwe katikati yake. Nikiwa mtoto nilidhani ile ni vichaka.

"Msichana atangoja"

Haya yote yamo kwenye yale madaftari, lakini sikuweza kuyasoma. Guka aliandika Kikuyu, na Kikuyu changu ni cha kusalimia na kuomba chai. Ilibidi tata aketi kando yangu jikoni anisomee, huku akigeuza chapati.

Kila ukurasa ulikuwa na safu. Tarehe. Mvua. Nani amechuma debe ngapi. Kilo zilizopimwa kiwandani. Pesa zilizoingia. Pesa zilikoenda. Mwanzoni majina ya wachumaji ni mengi, watoto wote wanne na vibarua. Kuanzia 1978 jina moja linajirudia kila siku ya mavuno. Oktoba 1979 pekee, debe 41. Ni jina la tata.

Nikamuuliza mbona hivyo, yeye si alikuwa shule? Akarudisha kurasa nyuma, akafika Januari 1978, akanisomea kwa sauti ile ile ya kusoma kilo na debe: "Karo ya mvulana mkubwa, imelipwa. Msichana atangoja."

Tata alikuwa amefanya CPE mwaka uliotangulia, akapita. Pesa za kahawa zilikuwa zimeenda kwenye mabati na ng'ombe, zilizobaki zilitosha mtoto mmoja. Msichana akangoja. Aliingoja sekondari kwa kuchuma kahawa iliyowalipia kaka zake watatu hadi wakamaliza, wa mwisho akiwa baba mdogo. Kisha akaolewa, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani. Miaka yote ambayo sisi tulikuwa tunatuma pesa ya dawa kwa M-Pesa na kujisifu kwenye kundi, yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha guka.

Sikutarajia kulikuta kosa la guka kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, nitamtetea popote. Lakini aliandika mstari huo, na kwa miaka zaidi ya arobaini iliyofuata hakuna mahali alipoandika kwamba amejuta. Tata akafunga daftari, akarudi kwenye chapati zake.

Tatu kwa tatu

Usiku uliotangulia mazishi wazee wa familia waliketi sebuleni. Wakazungumzia kaburi, mahubiri, kisha, kama kawaida, shamba. Hesabu ilikuwa nyepesi: wavulana watatu, ekari tatu. Ile nusu ibaki ya nyumba na makaburi. Baba mdogo alikuwa tayari na mnunuzi wa sehemu yake. Tata alipita katikati yao akimimina chai, na hakuna aliyemtaja.

Ningependa kukwambia kwamba nilisimama nikasema kitu. La. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Ekari ya baba ikiuzwa, ploti Juja inapatikana na chenji inabaki. Nilikuwa hata nimeangalia bei mtandaoni nikiwa kwenye matatu ya kwenda kumzika mzee. Kwa hiyo nilinyamaza, nikanywa chai ile ile.

Nilirudi kwenye wasifu saa sita usiku. Nikaandika Pumwani. Nikaandika kijiji cha 1954 na ekari tatu na nusu. Nilipofika kwenye watoto, sentensi ya kawaida ilikuwa tayari kichwani: "Marehemu aliwasomesha wanawe kwa jasho lake." Haikuwa kweli, au ilikuwa kweli nusu. Nikaenda jikoni, nikamuuliza tata kama ningeweza kusoma ule mstari. Akafikiri kidogo. "Soma. Si yeye ndiye aliandika?"

Kesho yake nikausoma mbele ya watu, pamoja na debe 41 za Oktoba 1979. Hakukuwa na kilio wala makofi. Baba mkubwa alitazama viatu vyake. Baada ya watu kutawanyika alikuja akaniomba daftari la 1978, akaketi nalo peke yake kwenye viti vya kukodi hadi wenye viti walipokuja kuvichukua.

Sheria inasemaje?

Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu siku moja yatakufika. Daftari la guka si wosia. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, wosia wa maandishi unahitaji sahihi ya mwenyewe na mashahidi wawili, na ni busara wasiwe watu watakaorithi. Wosia wa mdomo nao unahitaji mashahidi wawili, na kwa kawaida hauna nguvu kama aliyeutoa ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka. Ile kauli ya "mzee aliniambia mwaka juzi" haisaidii mahakamani.

Lakini mzee akifa bila wosia na mkewe hayupo tena, kama ilivyokuwa kwetu, sheria inasema mali igawanywe sawa kwa watoto wote. Haisemi wavulana. Haiulizi nani ameolewa. Katiba ya 2010 nayo inataka ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi ukomeshwe, hata ule wa mila. Kwa Waislamu, urithi hufuata sheria ya dini yao.

Na ule mpango wa baba mdogo wa kuuza haraka? Kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa idhini ya usimamizi ni kosa la jinai. Njia halali inaanza kwa cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Ombi likishapelekwa mahakamani, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Idhini ikitolewa, kwa kawaida mnangoja miezi sita kabla ithibitishwe na shamba ligawanywe.

Barua yetu ya chifu ina majina manne. Baba mkubwa ndiye aliyeenda kuichukua. Baba mdogo bado ananung'unika, na sitakudanganya kwamba tunakula pamoja kama zamani. Kesi haijaisha. Ploti ya Juja nimeisahau kwa sasa.

Fanya haya mzee angali hai

Kwanza, usimwambie "nisimulie maisha yako". Atakwambia hakuna la maana. Anza na kitu: hili jembe ulinunua wapi? Huu mti ulipanda mwaka gani? Simu yako ina kinasa sauti, kiwashe, na mwambie umekiwasha.

Pili, usiulize tarehe, uliza matukio. Uhuru ulipokuja 1963 ulikuwa wapi? Ile njaa ya 1984, ya mahindi ya njano, mlikula nini? Miaka utaipata mwenyewe baadaye.

Tatu, waulize pia ndugu zake, hasa dada zake. Wanakumbuka yale ambayo yeye hatayasema.

Nne, omba kuona hati ya shamba na uangalie imeandikwa jina la nani. Familia nyingi hugundua mazishini kwamba shamba bado liko kwa jina la baba wa babu, na hapo kuna urithi wa watu wawili wa kushughulikia. Hili usiliendee peke yako, mzee akadhani unamsubiri afe. Nenda na mzazi wako, na mada ya wosia ianzishwe na mtu mzima.

Tano, uliza nani alingoja. Katika kila familia iliyosomesha watu kwa shamba, kuna mmoja aliyeachwa nyuma ili wengine wapite. Mara nyingi ni yule anayekupikia ukifika.

Nilirudi Kahuro miezi michache iliyopita. Bei ya kahawa imepanda miaka hii, na tata amekata mibuni ya zamani ikabaki visiki vya urefu wa goti. Machipukizi yameanza kutoka. Amenunua daftari jipya na anaendelea na safu zile zile.

Alinionyesha pia kitu nilichokipita mara ya kwanza kwa sababu sikujua kusoma. Katika daftari la mwisho, kwenye safu ya mvua, kila Jumapili ina maandishi mawili. Ya kwanza ni mvua ya nyumbani. Ya pili ni ya Nairobi, kama nilivyomwambia kwenye simu. Zile Jumapili ambazo sikupokea, nafasi iko wazi.

Kama babu yako yuko hai, mpigie leo. Ukikosa la kusema, muulize kama huko kumenyesha, kisha unyamaze umsikilize.